Mkono Juu ya Boneti

Nimefika Cheyo nusu saa kabla ya ahadi
nikaweka kiganja juu ya boneti.
Ya moto.
Asubuhi ya Julai, Tabora nzima imejikunyata,
na Subaru ya watu ina homa.

"Nimeipasha kidogo tu," anasema Bwana Lubigisa,
akimwambia shemeji yangu, si mimi.
Shemeji, muuza mahindi, anaitikia kwa kichwa.
Basi tusubiri ipoe, nasema.
Kama kuna chai, nitakunywa.

Kilomita tisini na nane elfu, yasema dashibodi.
Lakini raba ya klachi imelika hadi chuma kinang'aa
kama sarafu iliyokesha sokoni,
na kiti cha dereva bado kinamkumbuka mtu mzito,
makalio yake, mgongo wake, hata upande alioegemea.
Elfu tisini na nane hazichongi kiti namna hii.

Nimekulia chini ya magari. Baba alikuwa fundi Isevya;
alinituma spana namba kumi na mbili
kabla sijajua kuhesabu hadi kumi na mbili.
Nilizijua kwa uzito.

Chai imeisha. Boneti imepoa.
Washa.
Nasimama nyuma, penye ekzosi, macho yakiwasha.
Moshi mweupe, mwembamba: ni baridi, utapita.
Mweusi kidogo: imekula kuliko ilivyohitaji.
Ninayemngoja ni wa buluu.
Kanyaga. Sasa achia.
Hapo, ukiachia tu, ndipo tabo mbovu hutoa siri ya nyumba.
Hakuna.
Kanyaga tena.
Hakuna.

"Tabo ya Tabora haina tabu!"
Lubigisa anacheka peke yake.

Nazima. Nalegeza klipu mbili, nachomoa bomba la hewa,
naingiza vidole hadi kwenye feni yake,
ndogo kama kifuniko cha chupa ya asali.
Nautikisa mhimili. Unacheza kiduchu, juu na chini,
kama jino la mtu mzima.
Ungecheza kama jino la mtoto wa miaka sita
ningechukua kanga yangu nikaaga.
Nausukuma, nauvuta: kimya.
Mafuta mle ndani ni unyevu tu, jasho la kazi.
Naizungusha kwa ncha ya kidole,
inazunguka, inasita,
inasimama bila kukwaruza popote.

Ni wakati wa kufunga mlango ndipo naiona,
karatasi iliyogandishwa ubavuni, imepauka,
herufi za Kijapani, tarehe ya kubadili oili,
na namba zisizohitaji mkalimani.
Nazisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili:
laki moja, themanini na saba elfu, mia nne.

Shemeji anaacha kuitikia kwa kichwa.
Lubigisa anaangalia kuku wake.
"Labda," anasema, "walikosea kuandika."
Sasa ananiambia mimi.

Sikasiriki sana. Mimi mwenyewe kwenye kikundi cha kukopeshana
nimeandika miaka arobaini na tano
mwaka wa saba huu.
Lakini mimi siuzwi.

Milioni tisa inakuwa nane. Nafunga bomba.
Inakuwa saba. Nanawa mikono, taratibu, kwa sabuni yake.
Sita na nusu, na kwenye hati ya mauziano
aandike kilomita za kweli, kwa mkono wake.
Anaandika. Sifuri ya mwisho inamtoka imepinda.

Njia ya Sikonge nimeijaribu hadi penye mchanga,
pale ambapo ndoo ishirini za asali huwashinda wengine.
Nimekanyaga. Kimya kidogo, kama mtu anayejitwisha mzigo,
kisha mluzi mwembamba kutoka mbele,
na mchanga ukabaki nyuma.

Sasa tuko mlangoni kwangu na injini bado inanguruma.
"Mbona huzimi?" shemeji anauliza. "Unachoma mafuta."
Namwonyesha kidole: ngoja.
Imekimbia sana, na si leo tu.
Dakika mbili.
Iache ipumue.